Kikao cha Taulo

Jumapili, 2 Juni

Mlingoti, mkubwa wetu, kakataa kunyolewa. Mara ya tatu sasa! Baba yake alikuwa ameshafunga saluni, amefagia, amepaka mashine mafuta, akamwita kwa bashasha zake zote: njoo tuupunguze huo msitu. Jibu likatoka chumbani — hana nafasi, ana hesabu za kumalizia. Hesabu! Jumapili! Mtoto huyu na hesabu hawajawahi hata kusalimiana.

Tangu anaota meno, Jumapili jioni ni yao wawili. Saluni yenyewe ni chumba chetu cha mbele, mlango mmoja tu unaitenganisha na sebule, kwa hiyo kijana kakulia kwenye kile kiti. Zamani baba yake alimwekea ubao ili kichwa kifikie kioo. Sasa ana miaka kumi na sita na anainama kupita mlangoni. Baba watoto kaviringa waya wa mashine taratibu, kairudisha kwenye droo, hakusema neno. Mtu huyu akinyamaza ujue kaumia.

Jioni tukakaa kikao chetu uani. Kikao cha taulo — mimi naanua taulo za saluni, yeye anapokea, tunakunja, tunaongea ya watoto. Tulikianza mdogo wake Mlingoti, Redio, alipoingia darasa la kwanza akawa anarudi kila siku na kesi mpya, na hatukuacha tena. Kanuni ni moja: la mtoto halifichwi. Ukilijua wewe, nilijue na mimi. Bila kikao hiki sijui ningekuwa wapi. Kuna siku nimetaka kuwagawa wote wawili bure, na nauli niwape.

Halafu kazi zetu nazo! Mimi niko kwa daktari wa meno: nashika bomba la kunyonya mate, napanga vyombo, nawaambia watu panua, panua zaidi. Kutwa nzima naongea na watu wasioweza kunijibu. Yeye kutwa nzima yuko na watu wasionyamaza. Ikifika jioni kila mmoja ana hamu na masikio ya mwenzake.

Leo akaniambia, Mlingoti ananionea aibu, mke wangu. Rafiki zake baba zao wana ofisi. Nikamwambia ni umri tu, utapita. Hakuamini, uso ukabaki chini. Nikaona nimchekeshe. Nikamsimulia alichoniambia Mlingoti juzi: kuna msichana darasani kwao anataka kumsalimia, basi kila asubuhi anafanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. "Mambo vipi" nzito, halafu "mambo vipi" nyepesi, achague ipi inamfaa. Baba watoto alicheka mpaka akafuta machozi kwa taulo safi. Nilifurahi kumwona anacheka.

Jumanne, 4 Juni

Makubwa! Mlingoti kaonekana akitoka kwa Kijana wa Ng'ambo.

Huyu ni kinyozi mpya, kafungua upande wa pili wa barabara, kioo kimezungushiwa taa kama jukwaa la harusi. Baba watoto alikuwa na mteja kitini, kainua macho, kamwona mwanawe anafungua mlango kule, kofia kichwani, anaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. Saluni nzima ikaona. Mzee wa Gesi — yule anayeuza mitungi hapo kwenye kona na kukaa kwenye benchi letu zaidi kuliko anavyokaa dukani kwake — akamwuliza baba watoto, Mkasi, huyo si wako?

Na baba watoto, badala ya kumeza, akafanya mzaha. Eti kijana kahamia upinzani! Watu wakacheka hoi. Nimeyapata yote haya kwa Redio, ambaye ana miaka kumi na mitatu na hakuna habari inayolala kwake.

Kwenye kikao hakucheka. Alikunja taulo moja mara nne. Akasema, ningekuwa seremala angekwenda kununua kiti kwa mwingine, sawa. Lakini kichwa? Kichwa nilichokishika shingo haijakaza? Nilimshika mkono.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimejichukia.

Nimetoka kazini, nimekutana na Mlingoti getini anarudi shule, tukaingia pamoja. Mzee wa Gesi yuko benchini. Kijana kamwamkia vizuri, shikamoo Mzee. Mzee kaitikia marahaba kwa kicheko, halafu akasema — mbele ya watu watatu — vipi kijana wangu, kioo kimekuitikia leo? Akaigiza na sauti. "Mambo vipi." Nzito. Halafu nyepesi.

Mlingoti hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi.

Ile habari aliniambia mimi tu, jikoni, nikimenya vitunguu, na ilimgharimu kuisema. Jumapili nikampa baba yake ili acheke. Jumatatu baba yake akawapa wateja ili wacheke. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kama kungekuwa na mbaya ningemkoromea.

Hakula na sisi. Baba yake kauliza ana nini huyu. Redio kajibu, ana umri.

Ijumaa, 7 Juni

Ndiyo. Hapana. Sawa. Nimeshiba. Hayo ndiyo maneno yote aliyotoa leo. Mpangaji angesema zaidi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika huku mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nyumba hii sasa naiogopa.

Nilikuwa naanika taulo. Mlingoti akaja uani, kofia hadi kwenye nyusi, jua linawaka. Akasimama nyuma ya kamba ili nisimwone vizuri. Akauliza: Mama, unaweza kujua kitu na Baba asikijue? Nikataka kumwambia mimi na baba yako hatufichani. Lilikuwa mdomoni kabisa! Kisha nikaikumbuka ile sura yake ya getini. Nikasema, naweza.

Akavua kofia.

Juu ya sikio la kushoto hakuna nywele. Mviringo mtupu, mkubwa kama kifuniko cha soda, ngozi laini kabisa kana kwamba pale hapajawahi kuota kitu. Nyuma ya kichwa pana mwingine, mkubwa zaidi. Na mbele, karibu na paji, nywele zimeanza kuwa chache. Kumbe ndiyo sababu ya yote! Hakuwa akimkimbia baba yake. Alikuwa anamficha upara mtu ambaye angeuona kabla hajawasha mashine. Kijana wa Ng'ambo anafunga mlango mchana wateja wasimwone, anaziacha nywele ndefu juu na kuzilaza zifunike, maana shuleni kofia hairuhusiwi. Alidhani ni uchafu. Alidhani ni adhabu ya kitu. Amekuwa akiosha kichwa mara tatu kwa siku — na mimi nikimgombeza kwa kumaliza shampuu!

Nilimshika kichwa chote kwa mikono miwili. Kwanza alijikaza, halafu akaacha. Nikamwuliza kwa nini hukumwambia baba yako, si ndiyo kazi yake? Akanijibu bila hasira, kama mtu anayetaja ratiba ya basi. Baba akijua leo, kesho saa nne Mzee wa Gesi anajua. Saa nane darasa langu linajua. Hatanisema kwa ubaya, Mama. Atanisema kwa mapenzi. Lakini nitasemwa.

Nimeahidi. Mungu wangu, nimeahidi.

Jumapili, 9 Juni

Kikao kigumu kuliko vyote. Nilisema habari za mvua. Nilisema habari za meno ya mtu mmoja wa Ijumaa. Baba watoto akanitazama, akasema leo unakunja taulo kama mgeni.

Nikamwambia tu kwamba Jumatano nampeleka Mlingoti kupimwa macho, ameomba. Uongo huu ulinitoka wenyewe, nikashangaa kuusikia. Yeye akaangaza uso. Macho! Ndiyo maana anatembea ameinama! Ndiyo maana anapotea njia mpaka anaingia kwa jirani! Alifurahi kweli kweli, maskini, kupata sababu ambayo si yeye.

Jumatano, 12 Juni

Daktari wangu kanipa ruhusa bila maswali mengi. Daktari wa ngozi alikuwa mama mmoja mpole, kamtazama Mlingoti usoni kabla ya kumtazama kichwani, na hilo peke yake nusura linilize. Kasema si uchafu. Haiambukizi. Hakuna aliyekosea, si mtoto, si mzazi. Mwili wenyewe unazikataa nywele zake, basi. Zinaweza kuota tena, zinaweza kuchelewa, huenda viraka vikaongezeka kabla havijapungua — hawezi kuahidi. Katoa dawa ya kupaka.

Mlingoti aliuliza swali moja tu. Lini? Daktari kasema, ningejua ningekwambia mwanangu.

Njiani kurudi alikaa karibu yangu, bega kwa bega, kitu ambacho hajafanya tangu ndevu za kwanza. Nikapata nguvu kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelipuka. Na nimefurahi kulipuka.

Nateremka kutoka kazini, Mzee wa Gesi huyooo benchini: shemeji, miwani imepatikana? Isije ikawa ya duara, ile inamzeesha mtoto.

Miwani! Uongo wangu mwenyewe umetoka uani Jumapili, umepita kwenye kiti, umerudi kunipokea getini! Nilipita sebuleni, nikafungua mlango wa saluni, nikasema baba watoto, naomba uje. Alikuwa na mtu ana povu shavuni. Akasema nakuja. Nikasema sasa. Yule mtu wa povu akasema nenda kaka, nenda.

Tuligombana jikoni kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wateja. Hakuna ugomvi mbaya kama wa kunong'ona, unakuwasha koo. Nikamwambia kila tunachokisema kwenye taulo mtaa unakipata kabla ya chai. Nikamtajia kioo cha bafuni. Nikamtajia jinsi mtoto alivyoniangalia. Nikamwambia na mimi nimo, mimi ndiye bomba, nachota kwa mtoto namwaga kwako, wewe unamwaga barabarani.

Alisimama na wembe mkononi, kaufunga, kaufungua. Mwanzoni alikuwa mkali: kwani nimewatukana? Nimewahi kuwasema vibaya? Halafu sauti ikakatika. Akasema, wenzangu pale kitini wanaongea magari. Wanaongea viwanja. Mimi nina nini cha kuongea zaidi ya hao wawili? Nikiwataja ndipo najiona mtu.

Hasira yangu yote ikaanguka. Nampenda mtu huyu. Mdomo wake hauna breki, lakini ni moyo unaousukuma.

Akauliza, kuna kitu unanificha?

Kipo.

Kikubwa?

Si cha kufa.

Amekwambia usiniambie?

Ndiyo.

Nikangoja aniambie kanuni ni kanuni. Angekuwa na haki. Miaka yote hiyo hatujawahi kuivunja. Akaufunga wembe, akasema basi usiniambie. Kama nikikulazimisha, atakuwa hana hata mmoja wa kumwambia. Akarudi kwa mtu wake wa povu.

Nimekaa jikoni nikalia, na vitunguu sikuwa navyo vya kusingizia.

Ijumaa, 14 Juni

Baba watoto kaanza kufunga mdomo. Mpango wake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Watoto hawatajwi tena saluni.

Mpango ulidumu mpaka saa tatu na nusu asubuhi. Niliondoka kwenda kazini nikamsikia kupitia mlango: "Sasa Redio wangu jana — " Kimya. Halafu mtu akauliza, jana nini? Baba watoto akasema jana ilikuwa Alhamisi. Nilicheka peke yangu mpaka kituoni.

Jumamosi, 15 Juni

Leo kaweza. Kutwa nzima! Nilikuwa nyumbani, niliyasikia yote. Kaongea mpira, ambao haujui. Kaongea bei ya mafuta ya taa. Kamsifu mtu mmoja kwa umbo la kichwa chake kwa muda mrefu mpaka yule akashtuka. Mzee wa Gesi kamwuliza, Mkasi unaumwa? Mwingine kauliza kama kafiwa. Wateja wawili wameondoka mapema, hawakuona raha. Jioni alikuwa amechoka kuliko siku ya sikukuu.

Nilimwuliza ni vigumu sana? Akasema, ni kama kunyoa kwa mkono wa kushoto. Mkono wenyewe unataka kwenda kule.

Jumapili, 16 Juni

Mlingoti hakuitwa kunyolewa. Baba yake kafagia, kapaka mashine mafuta, kaizima taa. Basi.

Kwenye kikao nilianza kulia bila mpango. Asubuhi niliona foronya ya Mlingoti, nywele zimejaa. Kile kiraka cha mbele kimefunguka, hakuna ulalo wa nywele utakaokifunika tena. Na siwezi kusema! Mtu wa kumwambia yuko mbele yangu, magoti yetu yanagusana, na siwezi kusema.

Baba watoto hakuuliza. Alichukua taulo kutoka kwangu moja moja, akazikunja zote yeye, na anakunja vibaya, kona hazikutani. Akasema, sijui unalilia nini, lakini lia, mimi nipo. Kisha akauliza tu, anakula? Nikasema anakula kidogo. Analala? Analala. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea ripoti kamili.

Sikujua kama mtu anaweza kukusaidia kubeba mzigo asioujua umefungwa nini ndani.

Jumanne, 18 Juni

Walimu wamempigia simu baba yake: Mlingoti hakufika shule jana wala leo. Alikuwa kwa Kijana wa Ng'ambo, chumba cha nyuma, amekaa kwenye kreti. Baba watoto alivuka barabara. Nilikuwa kazini, haya nayapata kwa Redio, na kwa mara ya kwanza hakutia chumvi.

Hakupiga kelele. Alimwambia yule kinyozi, asante kwa kumkalisha. Yule kijana, anasema Redio, alitaka kujificha nyuma ya kiti chake mwenyewe. Halafu baba watoto akamwambia Mlingoti twende nyumbani, na wakavuka pamoja, na saluni nzima ikatazama. Mzee wa Gesi akauliza kulikoni. Baba watoto akamjibu, tulikuwa kule.

Tulikuwa kule! Nimeyarudia maneno hayo jioni nzima.

Jumatano, 19 Juni

Nimekaa na Mlingoti kitandani kwake. Nimemwambia: mimi sitamwambia baba yako. Nimeahidi na naishikilia, hata kama inanikata. Lakini shule huwezi kuikimbia mpaka nywele ziote. Na mwalimu mkuu ataomba kusikia kutoka kwa wazazi wote wawili ili akuruhusu kofia. Na zaidi ya hayo, baba yako kila siku anakuuliza unakula, na hajui anachokiulizia.

Akasema, nitamwamini vipi?

Ningemwapia? Kwa kipi? Nikamwambia saluni iko nyuma ya mlango huu. Sikiliza mwenyewe.

Ijumaa, 21 Juni

Amesikiliza. Jana baada ya chakula na leo tangu asubuhi, maana shule bado hakwenda, kiti kakivuta karibu na mlango wa saluni, daftari gotini kwa kujidai anasoma. Baba yake hajui. Redio anajua na hajasema — sijui niite daktari!

Mimi nimekwenda kazini na roho mkononi. Daktari kaniambia mara mbili, bomba, bomba, mgonjwa anameza maji.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika sasa hivi, mezani sebuleni, nikingoja nitashindwa.

Mzee wa Gesi alikuwa kitini. Mashine inaunguruma, mimi nachagua mchele, Mlingoti kwenye kiti chake cha mlangoni. Tukamsikia Mzee anamwanza baba watoto: Mkasi, wewe siku hizi vipi? Kijana wako hatumwoni, shule haendi, kofia haivui hata juani, mtaa mzima unajiuliza, na wewe huna hata habari moja ya kutupa? Akacheka. Na wengine benchini wakacheka, wakasema kweli, kweli, tupe habari.

Mlingoti aliacha kupumua. Na mimi.

Mashine ikazimwa. Baba watoto akasema, polepole, "Habari zake anazo mwenyewe."

Mzee akasema ah, jamani, kwani siri?

Baba watoto akasema, "Mzee wangu, niliwapa nyingi ambazo hazikuwa zangu. Inamisha kichwa."

Na mashine ikawaka tena.

Mlingoti akaniangalia. Kisha akasimama — nilidhani anakwenda chumbani. Akafungua mlango wa saluni. Akasema, Baba, una nafasi?

Baba watoto alikuwa na nusu kichwa cha Mzee mkononi! Upande mmoja umenyolewa, mwingine bado msitu. Akaizima mashine, akasema ninayo. Akamwinua Mzee kwa kiwiko, kwa heshima zote, akamleta huku sebuleni, akanikabidhi. Wale wa benchini akawaambia jamani tutaonana baadaye, nikasikia komeo la mlango wa mbele linashuka. Mchana wa Jumamosi! Siku yenye wateja kuliko zote!

Sasa Mzee wa Gesi kakaa kwenye kochi langu, kitambaa cha saluni shingoni, nusu kichwa, anakunywa chai. Redio kamletea sukari na kabaki kasimama kati yake na ule mlango, mikono kiunoni, kama askari wa zamu. Mzee kaniuliza kwa sauti ya chini, shemeji, kuna nini huko? Nimemwambia sijui. Akashika ule upande usionyolewa, akasema basi na wachukue muda wao. Kumbe na yeye ni baba wa watu.

Mashine haijawaka. Nategea sikio. Ninayemsikia ni Mlingoti tu — anaongea, anasita, anaongea tena, sauti ndefu kuliko zote nilizozisikia kwake mwezi huu. Na baba yake, mtu yule, hajatia neno.